Mchaichai wa uani: chai, mchuzi wa nazi na homa ya mtoto

Msomaji wa Mikindani, Mtwara, ametuandikia hivi: "Nina shina kubwa la mchaichai kando ya bafu la uani, na jingine jipya nililopewa na jirani. Chai ya lile la zamani siku nyingine inanoga, siku nyingine ina uchungu na ladha ya nyasi. Ya lile jipya inanuka kama sabuni. Nimekausha majani mara mbili, yote yakaota ukungu. Mama mkwe anasema mchaichai ni dawa ya homa, presha na usingizi, na mtoto wangu wa miaka mitatu akichemka anataka nimnyweshe na kumfukiza kwanza kabla ya kumpeleka zahanati. Mimi mwenyewe nina mimba ya miezi minne. Niutumieje?"

Dada, maswali yako yanaonekana mengi lakini karibu yote yanakutana kwenye mafuta ya jani. Harufu yote ya mchaichai ni mafuta mepesi yaliyofungiwa ndani ya jani, nayo ni machache: kilo moja ya majani mabichi hutoa gramu chache tu. Sehemu kubwa ya mafuta hayo, kwa kawaida kama robo tatu, ni sitrali, ambayo kwa kiasi kidogo imo pia kwenye ganda la limau. Ndiyo maana pua inasema limau wakati mdomo hauonji ugwadu wowote. Mafuta haya huondoka na mvuke. Wanaoyakamua kwa biashara hupitisha mvuke kwenye majani, kisha huupooza, mafuta yakaelea juu ya maji. Sasa fikiria sufuria yako iliyo wazi jikoni, inatokota nusu saa. Nyumba nzima inanukia, majirani wanauliza unapika nini, na chai imebaki na rangi na nyasi.

Hapo ndipo uchungu wako unapotoka. Siku unayochemsha kidogo chai inanoga. Siku unayoisahau motoni mafuta yanaondoka, na vitu vizito vya jani, vile vyenye ladha ya majani makavu, vinaendelea kutoka. Ukiwa umetia na majani ya chai humohumo, uchungu unaongezeka maradufu.

Chai yenyewe

Kwa lita moja ya maji chukua majani mabichi manne au matano marefu, ya kijani kibichi, yasiyo na ncha zilizokauka. Kama yametoka kwenye shina la zamani, acha yale ya nje kabisa yaliyoanza kuwa manjano: hayo ndiyo yenye ladha ya nyasi. Yaoshe jani kwa jani kwenye maji yanayotiririka. Shika jani kwenye tako na upanguse kuelekea ncha, usirudishe mkono nyuma, maana kingo zake zina meno madogo magumu yanayokata kidole kama wembe. Kisha likunje mara tatu, ulifunge fundo, na ulipondeponde kwa mchi mara mbili tatu. Usilitwange hadi lilainike. Jani lililotwangwa sana huacha vinyweleo na nyuzi kwenye maji, na hivyo ndivyo vinavyowasha koo.

Chemsha maji peke yake. Yakitokota vizuri, tia mafundo yako, funika, acha moto mdogo dakika tatu, kisha epua na uache sufuria imefunikwa dakika nyingine saba hadi kumi. Unapofunua, yale matone yaliyoganda chini ya mfuniko yarudishe ndani, yana harufu. Chuja kwa kitambaa au chujio la matundu madogo. Ukitaka chai ya rangi, majani ya chai yaingie dakika mbili za mwisho tu, kijiko kimoja cha chai kwa lita nzima kinatosha. Tangawizi ni kinyume: yenyewe inataka moto mrefu, kwa hiyo ianze na maji baridi, itokote dakika kumi, ndipo mchaichai ufuate.

Wengi wanaogopa kuutia kwenye chai ya maziwa wakidhani yatakatika kama yanavyokatika kwa ndimu. Hayakatiki. Mchaichai una harufu ya limau lakini hauna asidi ya kutosha kuyakata maziwa. Chemsha maziwa na maji nusu kwa nusu, tia mchaichai mwishoni kama nilivyoeleza, hakuna kitakachoharibika. Maziwa hata hubeba harufu vizuri kuliko maji matupu, kwa sababu mafuta ya jani huyeyuka kwenye mafuta ya maziwa. Kumbuka tu kisima unachotumia: baadhi ya visima vya karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, na maji hayo huifanya chai yoyote iwe chapwa. Kama ni hivyo kwako, tumia maji ya mvua au ya bomba kwa chai, ya kisima yabaki kwa kuoshea.

Majani makavu nayo yana kipimo chake: kijiko kimoja cha chakula kilichojaa, yaani gramu mbili hadi tatu, kwa vikombe viwili. Haya hayahitaji kuchemka. Yamwagie maji yaliyotoka motoni, funika dakika kumi.

Shina linalonuka sabuni

Hilo alilokupa jirani huenda si mchaichai wa kunywa. Mchaichai wa jikoni ni Cymbopogon citratus, na una ndugu wanaofanana nao sana kwa jani na kwa kimo, ambao mafuta yao yamejaa sitronelali na jeranioli, harufu zilezile zinazotiwa kwenye sabuni na dawa za kufukuzia mbu. Watu hugawana miche bila kujua, kwa kuwa jani likiwa limesimama bustanini huwezi kulitofautisha kirahisi.

Angalia hivi. Tenganisha majani chini kabisa, pale shina linapotoka ardhini. La jikoni huwa jeupe au kijani mpauko, limevimba kidogo kama kitunguu kibichi. La mbu mara nyingi lina wekundu au zambarau chini na ni jembamba. Lakini rangi peke yake isikuhukumie, kwa sababu ipo aina nyingine ya mchaichai inayonukia limau safi na shina lake likawa na wekundu. Mwamuzi ni pua: kata kipande cha shina, kiponde, kinuse. Ukipata limau, ni wa kunywa. Ukipata harufu nzito ya manukato au sabuni ya kuogea, usiunywe kila siku. Kikombe kimoja ulichokwisha kunywa hakina la kukutisha. Uache tu kwa kazi yake ya pembeni ya nyumba.

Na hapo niseme moja kuhusu mbu na nyoka, kwa sababu wengi hupanda mchaichai mlangoni kwa nia hiyo. Mafuta yako ndani ya jani. Jani lisiloguswa hutoa machache mno, hayamfukuzi mbu anayepita mita moja pembeni. Tena shina lililoachwa likajaa majani makavu chini ni maficho mazuri ya panya, na penye panya nyoka hana sababu ya kukaa mbali. Chandarua chenye dawa kinafanya kazi ambayo shina la mlangoni halitafanya.

Kwenye chungu cha samaki

Hapa kwetu kusini wengi huishia kuutia kwenye chai, na ni hasara, maana mchaichai na tui la nazi vinapatana kuliko viungo vingi. Sababu ni ileile ya maziwa: tui lina mafuta, na mafuta hushika harufu badala ya kuiacha ipae. Kwa mchuzi sehemu inayotakiwa si jani, ni shina: vidole vinne hadi vitano vya chini, pale palipo peupe. Menya maganda mawili ya nje, kata kisogo cha mizizi, kisha liponde kwa ubapa wa kisu hadi lipasuke lakini lisikatike. Lisipopasuka halitoi kitu. Likikatika vipande vidogo utakuwa unatema nyuzi mezani.

Kwa kilo moja ya changu au kolekole, andaa nazi mbili. Kamua tui zito kikombe kimoja na nusu, weka kando, kisha tui jepesi vikombe vitatu. Samaki mkate vipande, mpake chumvi kijiko kimoja cha chai na maji ya nusu ndimu, akae dakika ishirini, kisha mbanike juu ya mkaa au mkaange juujuu hadi apate ganda. Usimwivishe kabisa, ataivia kwenye tui. Katika sufuria tia tui jepesi, kitunguu maji kimoja kilichokatwa, nyanya mbili, punje nne za kitunguu saumu zilizopondwa, tangawizi ya ukubwa wa ncha ya kidole gumba, manjano nusu kijiko cha chai, pilipili nzima moja isiyopasuliwa, na mashina matatu ya mchaichai. Funika, chemsha kwa moto wa wastani dakika kumi na mbili mpaka nyanya zilainike. Weka samaki, dakika nane. Sasa punguza moto uwe mdogo kabisa, mimina tui zito, ukitikisa sufuria au kukoroga polepole upande mmoja, dakika nne hadi tano, likianza kufukuta kando kando epua. Toa mashina. Ndimu iliyobaki ikamuliwe baada ya kuepua.

Makosa mawili hutokea hapa. Tui hukatika, ukaona mafuta juu na machicha chini, kwa sababu limechemka kwa moto mkali au limekutana na ndimu likiwa bado motoni. Kosa la pili ni kudhani mchaichai umechukua nafasi ya ndimu. Haujachukua, haukolezi ugwadu hata kidogo, kwa hiyo mchuzi ukiwa umepooza usiongeze shina la nne, ongeza ndimu, ukwaju au kipande cha embe bichi. Mashina yakizidi matano kwa chungu cha ukubwa huo, mchuzi unaanza kuonja sabuni hata kama mmea ni wa kweli.

Pweza anafaidi zaidi. Chemsha mashina mawili yaliyopondwa na tangawizi kidogo kwenye maji unayomlainishia, yote yaingie mwanzoni, na hapa kuchemka kwa muda mrefu hakudhuru kwa sababu kinachotakiwa ni kupunguza shombo, si kunukiza mchuzi. Maji hayo mwaga, na ukimuunga pweza kwenye nazi tia shina jipya. Kwa wali wa nazi, jani moja lililofungwa fundo kwa kila vikombe viwili vya mchele, lichovye kwenye tui kabla ya mchele kuingia, na ulitoe unapopalia mkaa.

Kwa nini majani yako yanaota ukungu

Hewa ya Mikindani ina unyevu wa bahari karibu mwaka mzima, na kuanzia Desemba hadi Aprili mvua huongezea. Jani la mchaichai refu na zima hukauka nje likabaki na maji kwenye uti wake. Ukilifunga kwenye mfuko wa plastiki, maji yale hutoka taratibu na ukungu unapata nyumba. Pengine ndivyo ilivyokuwa mara zote mbili.

Vuna asubuhi umande ukishakauka, siku ambayo haijanyesha tangu jana yake. Osha, kung'uta, tandaza kwenye kitambaa saa moja maji yadondoke. Kisha kata kwa mkasi vipande vya sentimita moja hadi mbili. Hii ndiyo hatua watu wanayoiruka, nayo ndiyo inayookoa kazi, kwa sababu uti uliokatwa hupumua pande zote mbili. Tandaza kwenye ungo, tabaka moja tu, kivulini penye upepo. Chini ya baraza ni pazuri kuliko ndani, na ungo uinuliwe juu ya matofali hewa ipite chini. Geuza asubuhi na jioni, na usiku ingiza ndani. Kiangazi upepo wa kusi ukivuma, siku tatu hadi nne zinatosha. Masika usikaushe kabisa, tumia mabichi. Jua kali juu ya bati hukausha upesi, lakini jani linapauka na harufu inaondoka na joto, unabaki na nyasi.

Limekauka lini? Chukua kipande chenye uti, kikunje. Kikivunjika kwa mlio, tayari. Kikipinda, bado, hata kama kinaonekana kikavu. Kilo moja ya mabichi itakupa robo kilo hivi. Jaza kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kubana, weka kabatini mbali na mwanga, na baada ya siku mbili angalia ukuta wa chupa kwa ndani. Ukiona ukungu wa maji, mimina yote, rudisha kwenye ungo. Tumia ndani ya miezi sita. Yaliyoota ukungu tupa yote, usichague, na usijipe moyo kwamba utachemsha: sumukuvu haiishi kwa maji ya chai.

Mashina hayakaushwi. Yafunge kwenye karatasi yenye unyevu kidogo, friji huyatunza wiki mbili hadi tatu. Kwenye jokofu la kugandisha hukaa miezi kadhaa, na hutolewa moja moja bila kuyeyushwa.

Sasa dawa

Mama mkwe wako hajazua. Mchaichai umetumika kwa tumbo lililojaa gesi, mafua, kikohozi na homa kuanzia pwani yetu hadi Asia na Amerika ya Kusini. Ila si kila kazi kati ya hizo inaufaa kwa kiwango kimoja.

Kwa gesi na tumbo linalonyonga baada ya kula, ndipo unapofanya vizuri. Kikombe cha moto baada ya chakula, kipimo kilekile cha chai, mara mbili kwa siku, kwa siku chache. Maumivu yakidumu zaidi ya wiki, au kukiwa na damu chooni, kutapika au kukonda, hilo si la mchaichai tena.

Kwa mafua na koo, faida kubwa ni maji ya moto yenyewe. Mchaichai unayafanya yanyweke. Mtoto aliyepita mwaka mmoja anaweza kuongezewa kijiko kimoja cha chai cha asali usiku kwa kikohozi. Chini ya mwaka mmoja asali ni marufuku, na chini ya miezi sita mtoto hapewi chai ya aina yoyote, anyonye tu.

Usingizi ni hadithi ndefu. Brazil, ambako chai hii hunywewa sana kwa ajili hiyo, watafiti walichapisha mwaka 1986 majaribio ya kuwapa watu wazima chai ya mchaichai na kuwalinganisha na waliopewa isiyo nayo. Haikuwaletea usingizi wala kuwapunguzia wasiwasi kuliko wenzao, na wala haikuwadhuru. Ukiona inakutuliza usiku, endelea nayo. Huenda ni kwa sababu umeacha chai ya rangi yenye kafeini, na hilo ni jambo jema.

Presha na sukari ndipo pa kuwa mwangalifu. Sitrali imeonyesha mambo kwenye panya wa maabara, lakini panya si shangazi yako mwenye presha ya 170. Anayemeza dawa za presha au kisukari anaweza kunywa kikombe kimoja au viwili kwa siku kama kinywaji, mradi dawa asiache na amwambie mhudumu wake. Na chai yenye vijiko vinne vya sukari haijawahi kumsaidia mwenye kisukari, hata ingetiwa shamba zima la mchaichai.

Homa ya mtoto

Hapa sitazunguka. Lindi na Mtwara ni mikoa yenye malaria, na mtoto wa miaka mitatu anayechemka ni wa kupimwa siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka cha kidoleni hutoa jibu ndani ya dakika ishirini hivi. Mchaichai unaweza kumtoa jasho, mwili ukapoa kwa saa mbili, na hapo ndipo hatari ilipo: mama anaona nafuu, wadudu wanaendelea kuongezeka kwenye damu. Hakuna kikombe cha mchaichai kinachoua wadudu wa malaria mwilini mwa mtoto.

Kwa hiyo mpangilio unageuka. Zahanati kwanza, chai baadaye. Ukiwa njiani au unasubiri, mpunguzie nguo, mnyweshe maji, na kama ana dawa ya homa aliyowahi kuandikiwa kwa uzito wake, mpe. Akikutwa na malaria na akapewa dawa mseto, zile za siku tatu zenye dozi sita, azimeze pamoja na chakula chenye mafuta, kwa sababu dawa hiyo huingia mwilini vizuri zaidi ikikuta mafuta tumboni. Uji uliotiwa tui unatosha kabisa. Nusu kikombe cha chai nyepesi ya mchaichai, ya uvuguvugu, kinaruhusiwa hapo kama maji ya kunywa, hakichukui nafasi ya uji. Akitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza, dozi hiyo irudiwe, kisha mrudishe akaonwe.

Usisubiri hata dakika moja akipata degedege, akilegea asiweze kuamka vizuri, akitapika kila anachopewa, au akikataa kunywa kabisa. Hapo usipitie kwa bibi wala kwa jirani.

Kupiga nyungu kwa mtoto huyo, hapana. Mfikishie mama mkwe kwa heshima kwamba si dawa anayoikataa mhudumu, ni sufuria ya maji ya moto chini ya shuka na mtoto anayejitupatupa. Kuungua kwa mvuke na maji yaliyomwagika kunaacha kovu baya kuliko homa yenyewe, na mtoto mwenye homa akifunikwa joto lake huzidi kupanda. Mtu mzima mwenye mafua anaweza: lita mbili za maji, majani manane hadi kumi yaliyopondwa, sufuria iepuliwe na iwekwe sakafuni mahali isipoyumba, asubiri dakika mbili, uso uwe umbali wa mkono kutoka kwenye maji, macho yamefumbwa, dakika tano hadi kumi. Kizunguzungu kikianza, afunue. Mwenye pumu aache, harufu kali inaweza kumbana kifua.

Wewe na mimba yako

Shina kwenye mchuzi wa samaki, kula bila wasiwasi. Chai nzito ya kila siku kama dawa, na mafuta ya mchaichai ya kwenye vichupa, acha hadi ujifungue. Panya wenye mimba waliopewa sitrali na mirsini, zote zimo kwenye mafuta haya, kwa dozi kubwa walipata matatizo ya watoto tumboni. Dozi zile ni kubwa mno kuliko kikombe cha chai, lakini hakuna faida unayoikosa kwa kuacha. Kikombe chepesi siku moja moja hakina shida. Nyungu pia usipige, joto kali la mwili halifai mimba.

Kingine ambacho hukuuliza: vidonge vya madini ya chuma unavyopewa kliniki usivimeze na chai ya rangi. Majani ya chai hushika madini hayo yasiingie mwilini. Meza kwa maji, na chai ikae mbali kwa saa moja au mbili.

Mafuta ya vichupani hayanywewi na mtu yeyote. Kwa ngozi ya mtu mzima asiye mjamzito, matone manne kwenye vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya nazi, ajaribu kwanza kwenye kiwiko kwa siku moja. Sitrali huwasha ngozi za baadhi ya watu.

Mahali pa kupanda

Shina lako la bafuni lihamishe. Maji ya sabuni hujaza udongo chumvi, ncha za majani zikaungua, na yanayorukia majani usingependa kuyaona kwenye kikombe. Kama una mikorosho jirani, angalia pia msimu wa kupuliza. Miezi ya kati ya mwaka watu wanapopambana na ubwiri unga, vumbi la salfa hupeperuka mbali kuliko wanavyodhani. Ukiliona limeganda manjano kwenye majani yako, kata majani yote, yatupe, subiri yachipue upya. Palipopulizwa dawa za maji usivune kabisa msimu huo.

Desemba mvua ikishika, ng'oa shina zima, ligawe kwa mikono vipande vyenye vichipukizi viwili au vitatu na mizizi yake, kata majani yabaki ya urefu wa shibiri moja, panda kwenye shimo la kina cha kiganja lenye samadi iliyooza, mche na mche zipishane sentimita 75. Udongo wetu wa mchanga haushiki maji, kwa hiyo weka makumbi au majani makavu kuzunguka, lakini yasiguse shina, litaoza. Anza kuvuna baada ya miezi minne, ukikata sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi, kila miezi miwili au mitatu. Madoa ya kahawia kama kutu kwenye majani ni ugonjwa wa kuvu: kata hadi chini, choma yaliyokatwa, na maji uyamwage kwenye udongo badala ya juu ya majani. Baada ya miaka miwili hadi mitatu katikati ya shina hufa likabaki duara la machipukizi pembeni. Hapo ligawe tena, na yale ya pembeni ndiyo ya kupanda.